Mpaka wa Ua la Kulungu

Juni 22

Kosa wanalofanya watu wengi wakipanda huku juu ni kudhani kwamba ua jeupe na ua jekundu ni maua mawili. Hupiga picha ya jeupe, hupiga na ya jekundu, kisha huteremka wakijisifu kwamba wameona aina mbili. Ni moja. Ua la kulungu huchanua likiwa jeupe. Likishatembelewa na nzi wake na mbegu zikashika, petali zake hazidondoki kama za maua mengine. Hubaki pale pale, zikageuka waridi, kisha nyekundu kama kutu. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi katika shule ya sekondari kule bondeni, na kila mwaka nusu ya darasa walilikosa kwenye mtihani.

Tumefika leo. Hema limesimama, moto umewaka. Heaika, mtoto wa marehemu kaka yangu, amekwisha kuwatangulia kulungu wake, wale wa kufugwa wa nchi hizi za theluji, kwenye miteremko ya mlima wa Jiehkkás. Au tuseme wao ndio waliomtangulia, maana joto limewasukuma juu mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mkewe, Gáddjá, anapika mifupa ya uboho. Mimi nimepewa kazi ya kukaa na kutomzuia mtu njia.

Juni 25

Joto. Mbu wameamka wote kwa pamoja.

Juni 28

Ravdna alipanda kutoka kambi ya ziwani kuja kunisalimu. Ni mama yake Issát, yule mwenye kundi la pili linalolisha chini yetu, na tumelingana umri. Amenizidi magoti tu. Yake bado yanapanda mlima bila kulalamika.

"Mwalimu," akasema kabla hajakaa, "bado unayapa majani majina?"

"Majina yalikuwepo. Sasa wenyewe wanagombana." Nikamweleza kwamba vitabu vya zamani huliita ua la kulungu Ranunculus glacialis, wa ukoo mmoja na yale maua madogo ya njano ya mabondeni, lakini sasa wapo wataalamu wanaolitoa humo na kulitia katika ukoo mwingine, Beckwithia.

"Kwa hiyo limeolewa."

"Halijaolewa, Ravdna. Wamelichunguza upya, wakaona halifanani sana na ndugu zake."

"Uzee wote huo, kuolewa! Na kulungu ameambiwa? Maana yeye ndiye anayelila."

Gáddjá alicheka hadi kahawa ikamwagika.

Nami, kwa kuwa siwezi kujizuia, niliendelea. Ua hili linaota kwetu huku kaskazini, linaota Iceland, linaota mashariki ya Greenland na kwenye vilele vya Alpi, na katikati ya sehemu hizo hakuna hata shina moja. Limetawanyika kama ukoo uliokimbia vita. Zamani barafu ilipofunika nchi, lilikaa tambarare. Barafu ilipoondoka, lilifuata baridi likipanda, kila tawi la ukoo mlima wake. Kwa hiyo kila mlima ni kisiwa. Halipendi jiwe la chokaa, hupenda jiwe jeusi, na halianzi kuota mpaka ufikie kimo fulani, hapo ambapo majira ya joto ni mafupi vya kutosha kulifurahisha.

Ndiyo sababu wazee walilichagua. Baba yangu na baba mkwe wake Ravdna hawakuandikiana kitu. Walisimama mlimani wakasema: ua la kulungu linapoanza, kwenda juu, ni malisho yetu, kutoka hapo kushuka mpaka ziwani ni malisho yao. Mawe watu huyasogeza. Ua halisogezwi na mtu.

Ravdna alipoondoka aliniuliza, kama anayetafuta la kusema tu, "Jassa yenu bado kubwa?"

Jassa ni baka la theluji lisiloyeyuka hata Agosti. Yetu iko juu kidogo ya mahali ua linapoanzia. Siku za joto kulungu husimama juu yake kutwa, kwa sababu nzi hawapendi baridi, hasa wale wabaya wanaotaga mayai kwenye manyoya ya mgongo, na wale wengine wanaotema funza puani. Nilimwambia bado kubwa. Akaitikia kwa kichwa, akashuka bila mzaha mwingine wowote. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ametumwa na hofu yake mwenyewe.

Julai 1

Joto. Upepo hakuna.

Julai 3

Joto. Heaika alijaribu kuwaingiza zizini awatie ndama alama za masikio. Akaacha. Ndama alikanyagwa.

Julai 5

Issát alikuja. Aliiacha pikipiki yake ya magurudumu manne ng'ambo ya kijito, akamalizia kwa miguu. Hiyo ni adabu. Anayekuja kugombana huja nayo mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Issát. Kaa."

Akavua kofia, akapewa kahawa, akatia kipande cha jibini kwenye kikombe. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kuumwa na mbu. Hakuna aliyesema la maana mpaka kikombe cha pili.

"Jassa zangu za ziwani zimekwisha zote mbili," akasema. "Ya mwisho imeyeyuka jana."

"Pole," akasema Heaika.

"Ndama hawanyonyi. Mama zao wanakimbia nzi mchana kutwa, na ndama wanawafuata mpaka wanaanguka. Naomba niwapandishe kwenye jassa ya hapo juu. Saa za joto tu."

Heaika alitazama ndani ya kikombe chake. "Nusu ya ndama wangu hawana alama."

"Najua."

"Kama unajua, unaniomba nini? Tukiwachanganya leo watafukuzana kwenye theluji, ndama ampotee mama yake, na jioni tutakuwa na kundi la ndama wasio na mwenyewe. Mimi nitasema huyu wangu, wewe utasema wako. Ngoja nimalize alama."

"Utamaliza lini?"

"Baridi ikirudi. Kwenye joto hili zizi linaua."

"Baridi ikirudi, Heaika, sitaihitaji theluji yako."

Kuni zililia motoni. Gáddjá alisimama akaenda kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Nitaeleza hapa, kwa maana kila mmoja wao alikuwa na haki. Alama ya sikio ndiyo jina la mnyama. Ndama hutambuliwa kwa mama anayemfuata, na wakati pekee wa kumtambua ni huu, akiwa bado anafuata. Akishampotea mama yake bila alama, amepotea kwa kila mtu. Heaika hakuwa mchoyo wa theluji. Alikuwa akiogopa kupoteza mwaka mzima. Naye Issát alikuwa akiupoteza huku anautazama.

Issát akaweka kikombe chini. "Na hiyo theluji ni yako kweli?"

"Umesemaje?"

"Kila mtu anasema maua yanapanda mlima kwa sababu ya joto la miaka hii. Mwaka huu sijaona hata moja chini ya jassa. Kama ua linaanzia juu yake, basi jassa iko upande wangu."

"Loo! Leo umekuwa mtaalamu wa maua."

"Mtaalamu amekaa hapo," akasema Issát, akanionyesha kwa kidevu.

Julai 7

Tulipanda sote watatu. Issát alinishika mkono kwenye mawe yaliyolegea, Heaika akanishika mwingine, na hawakusemeshana hata neno. Nilijiona kama ndoo inayobebwa na watu waliokosana.

Nilianza chini kabisa, nikapanda nikipindapinda kushoto na kulia kama tunavyofanya tunapotafuta mmea unapoanzia na unapoishia. Jiwe lilikuwa lile lile jeusi. Unyevu ulikuwepo, maji ya jassa yakitiririka chini ya changarawe. Kila kitu ambacho ua lile linapenda kilikuwepo, ila lenyewe. Niliona maua mengine, ya njano, ya zambarau. Jeupe hakuna. Jekundu hakuna. Tukaipita jassa. Kulungu wa Heaika walikuwa wamesongamana juu yake, wameinamisha vichwa, wakipumua kama mashine. Juu yake, kwenye mawe ya mwinuko mkali ambako mnyama hafiki, maua yalikuwa yamejaa tele, meupe kama vikombe vilivyooshwa.

"Haya, shangazi," akasema Heaika. "Soma."

Nilisema nilichokiona. "Chini ya jassa sikuona ua. La kwanza liko juu yake."

"Asante, mwalimu," akasema Issát kwa sauti ndogo. Hakufurahi. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kufurahi. "Kulungu wangu wametawanyika kwa sababu ya nzi. Nikishawakusanya, nawapandisha."

Heaika alimwita mbwa wake, akashuka bila kunishika mkono. Issát ndiye aliyenifikisha hemani.

Julai 8

Joto. Heaika hakunisemesha.

Julai 9

Amenisemesha.

"Ungeweza kusema hujui, shangazi."

"Ningekuwa nimedanganya."

"Ungesema umesahau miwani."

"Nilikuwa nimeivaa."

"Si ungeivua!"

Gáddjá alitaka kucheka, akajizuia kwa kumwona mumewe. Heaika hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu. Usiku na mchana anahangaika na ndama, akijaribu kuwatia alama wawili watatu wakati wowote wingu linapopita. Vipande vya masikio anavyokata huvitia mfukoni, avihesabu baadaye, na mfuko ule ulikuwa bado mwepesi. "Umenipa mgeni kwenye kitanda changu," akasema, "nami sijavaa nguo."

Julai 10

Ravdna amekuja tena. Safari hii hakutania. Alikaa, akakataa kahawa, na mimi sijawahi kumwona akikataa kahawa.

"Wanakufa," akasema. "Issát anawarundika nyuma ya jabali ili nisiwaone. Mimi ni kipofu? Kunguru wananiambia."

"Wangapi?"

"Usiniulize wangapi. Ukianza kuwahesabu utadhani kuna mwisho." Akanitazama. "Ulisema kweli, Sunná? Au ulimwonea mwanangu huruma?"

"Nilisema nilichokiona."

"Sikukuuliza hivyo," akasema.

Julai 11

Joto. Baada ya kuandika jana kile alichoniambia Ravdna, sikulala vizuri. Kuna swali lilibaki: kwa nini mahali penye kila kitu kinachopendwa na ua lile, halipo? Ua likipanda mlima kwa sababu ya joto, huwa haliondoki kama mpangaji aliyefukuzwa, kwa siku moja. Huacha nyuma wazee wake wachache, mashina yaliyodhoofika. Mimi sikuona hata wazee.

Julai 12

Nimekwenda peke yangu. Gáddjá alinifungia mkate na nyama kavu, akasema nikianguka nianguke upande unaoonekana kutoka hemani.

Nilipofika chini ya jassa miguu iligoma, nikapiga magoti ili nipumzike. Na nikiwa kwenye magoti, niliona kinyesi cha kulungu kila mahali, kipya na cha zamani. Kulungu wa Heaika wameishi hapa tangu mwanzo wa Juni. Na kulungu akiishi mahali, anakula.

Nikatenganisha mawe kwa vidole. Kulikuwa na shina fupi, nene, lenye majimaji, limekatwa kwa juu kama lililokatwa kwa meno, maana lilikatwa kwa meno. Kando yake jingine. Nilitambaa. Mashina yasiyo na vichwa yalikuwa kila penye mwanya wa changarawe, mengi mno, yakishuka mlima chini ya jassa, mpaka kwenye lile jiwe pana ambapo tangu utotoni tumekuwa tukisema "hapa ndipo ua linapoanzia."

Mimi niliyewacheka wanafunzi kwa kudhani rangi ndiyo ua, nilikuwa nimedhani ua ndio mmea. Miaka mingine kulungu hupanda maua yakiwa yamekwisha kuchanua, wakala haya wakaacha yale, na mtu akaona meupe yaliyobaki. Mwaka huu joto liliwaleta mapema, wakala vichwa vyote vikiwa bado vimefumba. Halafu sote tulikuwa tumeambiwa kwamba maua yanapanda mlima, na kweli kuna milima ambako yanapanda, kwa hiyo tulipoona patupu hatukushangaa. Mtu akishatarajia jambo, jicho humletea.

Lakini jani lisilo na ua laweza kuwa la mtu mwingine. Lile la njano, ambalo wengine bado wanalihesabu kuwa ndugu yake, linaota hapo hapo. Ndipo uainishaji unapoacha kuwa mchezo wa majina. Nililitazama jani la chini kabisa, lile la kwenye kitako cha mmea, kwa sababu ndilo lisilodanganya. La njano ni jembamba, limeviringa kama figo na lina mikato mifupi ukingoni. La ua la kulungu ni nene, lina maji, na limepasuliwa vipande vitatu mpaka kufika kwenye kikonyo. Niliyatazama mengi. Yalikuwa vipande vitatu.

Mpaka haukusogea. Jassa ni ya Heaika.

Nilikaa hapo muda mrefu. Nitasema kilichonipita moyoni kwa mpangilio kilivyokuja. Kwanza nilifurahi, kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Pili nilikumbuka jabali la Issát na kunguru. Tatu niliona kwamba nikinyamaza tu, nisifanye chochote, ndama wa Issát watapona, na hakuna atakayejua. Nne nilijua kwamba nikisema, hakuna atakayeniamini. Wiki iliyopita nilisema dhidi ya ndugu yangu. Leo, baada ya siku kadhaa za kununiwa hemani, nabadili neno kwa faida yake. Hata mimi nisingemwamini bibi kama huyo.

Nimerudi. Sijamwambia Heaika. Kutoka hapa nasikia mbwa wa Issát bondeni; amemaliza kukusanya.

Julai 13

Asubuhi niliwahi, nikashuka mpaka nusu ya njia, nikamsubiri Ravdna. Alikuwa anatangulia mbele ya kundi la mwanawe na fimbo yake, kama afanyavyo kila mwaka.

"Mama Issát," nikamwambia, "nataka magoti yako."

"Yana kazi gani?"

"Ya kuinama."

Sikumweleza zaidi. Nilitaka aone kabla hajasikia. Tulipofika chini ya jassa nilimwonyesha mahali, naye akapiga magoti, akayasogeza mawe. Alishika shina lisilo na kichwa, akalipindua, akalitazama jani la chini. Ravdna hakusoma botania, lakini amekulia kwenye mlima huu na anajua kulungu anakula nini kama mpishi anavyojua jiko lake. Alitambaa kidogo, akatazama jingine, na jingine. Kisha akakaa kitako, akafunga macho.

"Mungu wangu," akasema. "Ni lenyewe."

"Ni lenyewe."

"Ungenyamaza, Sunná."

"Niliwaza."

"Mimi ningenyamaza," akasema. Halafu, "Hapana. Nisingenyamaza. Lakini ningekuchukia kwa kunionyesha."

Nyuma yetu kundi lilikuwa linakuja. Tulisikia kwanza vifundo vya miguu yao, ile sauti ya kano zinazogonga mfupani kulungu anapotembea, kama maelfu ya vidole vinavyoalishwa. Ndama walikuwa nyuma, midomo wazi. Nzi walikuwa juu yao kama moshi. Issát alikuwa pembeni kwa miguu. Na kutoka juu Heaika naye alikuwa anateremka, mbwa wake mbele, kamba ya kunasia kulungu mkononi. Alikuwa amekuja kuwazuia, hukumu au bila hukumu. Nilimwona Gáddjá akimfuata mbio, akimwita jina, naye hageuki.

Walikutana mbele yetu.

"Rudi," akasema Heaika.

"Shangazi yako alisema—"

"Nakujua wewe na shangazi yangu. Rudi!"

"Ndama wangu wanakufa, Heaika!"

"Na wangu?"

"Nyamazeni," nikasema. Sauti ya mwalimu haizeeki. Walinyamaza wote wawili, na mbwa mmoja. "Nilikosea. Ua liko chini yetu mpaka kwenye jiwe pana. Limeliwa vichwa, mashina yapo. Heaika, kulungu wako mwenyewe ndio waliokula mpaka wako."

Issát alinitazama, na uso wake uliniumiza kuliko neno lolote. "Mwalimu," akasema, "hata wewe."

"Usimseme," akasema Ravdna, bado amekaa chini. "Nimeona kwa macho yangu. Ni ua la kulungu, mwanangu. Lipo. Jassa ni yao."

Kulungu wa mbele walikuwa wamekwisha kuinusa theluji, wakaanza kusukumana. Issát aliinama, akasogeza mawe, akatazama mwenyewe. Hakutazama sana. Nadhani alimwamini mama yake tangu mwanzo, ila alitaka mahali pa kuficha uso. Aliposimama alivaa kofia yake vizuri, kama mtu anayetoka kanisani, akapiga mluzi.

Mbwa wake alizunguka mbele ya kundi. Issát akainua mikono yote miwili, akaanza kuwageuza. Kuwageuza kulungu walioiona theluji, siku ya joto, ni kama kugeuza maji. Alikuwa akipiga kelele, anawasukuma kwa mwili wake, na sauti yake ilikatika. Ndama mmoja alilala chini. Mama yake akarudi, akamnusa, akaondoka kwa sababu ya nzi, akarudi tena.

Heaika alikuwa amesimama na kamba yake. Alikuwa ameshinda. Nilimtazama mtoto wa kaka yangu, nikaona kwamba hajui afanye nini na ushindi, kama mtu aliyepewa mzigo asioutegemea. Alitazama ndama aliyelala. Alitazama mgongo wa Issát.

Kisha akapaza sauti. "Issát! Mjinga wewe, unawapeleka wapi?"

Issát hakusikia, au hakuamini.

"Nakwambia wapandishe! Wapandishe kabla sijabadili mawazo. Gáddjá, kimbia ukawatoe wetu kwenye upande wa kulia wa theluji. Wako wakae kulia, wangu kushoto. Katikati tunasimama sisi. Kila mtu mwenye miguu."

"Na wasio na miguu?" akauliza Ravdna.

"Wewe na shangazi mtakaa katikati ya theluji na mtapiga kelele. Si ndiyo kazi mnayoijua?"

Ndivyo tulivyoshinda pale mpaka jua lilipozunguka nyuma ya Jiehkkás. Watu wa ziwani walipanda, wote, na watu wetu. Mstari wa watu katikati ya theluji, kulungu pande mbili, wakivuta pumzi. Heaika alimbeba yule ndama mwenyewe, akamweka upande wa kulia. Hakupona. Lakini wengine walipona, na sitawahesabu.

Julai 14

Tulipanda tena. Miguu yangu ni barafu. Joto.

Julai 17

Wametia alama pale pale kwenye theluji, makundi yote mawili kwa pamoja, ambalo ni jambo lisilofanywa. Baridi ya theluji ilikuwa zizi lao. Mmoja anashika ndama, mwingine anamtazama mama anayemjia, kisu kinafanya kazi yake. Mifuko imejaa.

Julai 21

Mvua, hatimaye. Upepo wa kaskazini. Mbu wamekwenda kwa shetani wao.

Agosti 10

Baridi imerudi. Issát ameshusha kundi lake. Yeye na Heaika bado wanagombania ndama watatu waliotiwa alama isiyo yao katika fujo za kule kwenye theluji. Jana nilisikia Heaika akimwambia, "Yule mwenye pua nyeupe ni wangu, mama yake anamlilia." Issát akamjibu, "Mama yake anamlilia kwa sababu amekuona wewe." Walicheka, na suala bado halijaamuliwa.

Leo wamekuja wote wawili kuniomba nichore ramani ya mpaka, na Heaika alitaka vigingi vya chuma vipigwe juu ya jiwe pana. Nilikataa. Niliwaambia kwamba miaka michache ijayo huenda ua lile likaanza kupanda kweli, na kigingi hakitajua. Ua halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa pale pale muda wote, likiwa bila kichwa. Kosa ni kwamba tangu baba zao wafariki, hakuna mtu aliyetembea mpaka ule na mwenzake mpaka siku walipouhitaji, na siku hiyo kila jicho lilikuwa na njaa yake. Wamekubali kuutembea kila mwaka, Juni, kabla kulungu hawajafika.

Nawe uliyelifungua daftari hili, kama una jirani na mpaka, inuka leo umwite, mkautembee pamoja.